Prosesa ya RV32I ndani ya seli 1,280: shajara ya mradi

Naandika shajara hii kwa ajili ya mtu anayetaka kubuni prosesa yake mwenyewe na hajui aanze na lipi. Yangu itafuata RV32I, yaani amri za msingi za RISC-V, na itaishi ndani ya chipu moja ndogo. Nitaongeza sehemu mpya kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda sawa nitayapitia haraka. Makosa nitayaeleza kwa kirefu, maana ndiyo yaliyokula muda, na nadhani ndiyo yatakayomsaidia mwenzangu. Gharama nazihesabu kwa mizani mbili: saa za kazi na seli za chipu. Vifaa ni ubao mmoja mdogo unaochomekwa kwenye USB na kompyuta niliyokuwa nayo tayari. Programu zote ni huria.

11 Januari 2025: ubao, programu na taa moja

FPGA ni chipu ambayo kazi yake unaiamua wewe baada ya kutoka kiwandani. Yangu ni iCE40 HX1K ya Lattice, iliyo juu ya ubao wa iCEstick. Ndani yake mna seli 1,280, na kila seli ina jedwali lenye ingizo nne pamoja na flipuflopu moja. Jedwali hilo lina biti 16, na ukizijaza upendavyo linakuwa geti lolote la ingizo nne. Flipuflopu inashika biti moja mpaka pigo la saa litakalofuata (saa hapa ni mdundo wa umeme unaoendesha chipu nzima kwa pamoja). Mbali na seli kuna vipande 16 vya kumbukumbu, kila kimoja baiti 512, jumla baiti 8,192. Kila nitakachojenga lazima kienee humo. Ni padogo, ila FPGA ya kwanza kuuzwa, XC2064 ya Xilinx ya mwaka 1985, ilikuwa na vizuizi 64 tu vya mantiki.

Nimechagua familia ya iCE40 kwa sababu ya mradi wa IceStorm, ambao mwaka 2015 uliweka wazi muundo wa faili zinazopakiwa kwenye chipu hizi. Yosys inasanisi, yaani inageuza maandishi ya Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kuwa seli, nextpnr inazipangia nafasi na kuziunganisha kwa waya, na iceprog inapakia faili kwenye ubao. Kwa kujaribu bila ubao natumia simuleta ya Icarus Verilog, na GTKWave kwa kuangalia michoro ya mawimbi. Kusakinisha hakukuwa na shida.

Shida ilianza na taa. Niliandika kitanzi cha `for` kinachohesabu mpaka milioni sita, kisha taa izime, kisha kihesabu tena, kama ambavyo ningefanya kwenye programu ya kawaida. Taa haikupepesa hata mara moja. Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwamba Verilog haisemi "fanya hiki, halafu kile". Inaeleza waya na seli ambazo zipo zote kwa wakati mmoja. Kitanzi cha `for` ni njia fupi ya kuandika nakala nyingi za saketi ileile, na kwa kuwa changu hakikuwa na saketi yoyote ndani, Yosys ilikifuta. Dawa ilikuwa kaunta ya biti 24 inayoongezeka kwa kila pigo, na taa ikaunganishwa na biti ya juu kabisa. Saa ya ubao ni 12 MHz. Mapigo 16,777,216 huchukua kama sekunde 1.4, na kwa kasi hiyo taa ikaanza kupepesa.

Saa 6 za kazi, seli zisizofika 40.

2 Februari: mashine ya amri nane

Sikutaka kuanza na prosesa kubwa. Nilibuni mashine ya biti 8 yenye amri nane: pakia, hifadhi, jumlisha, toa, NA, AU, ruka, na ruka kama ni sifuri. Amri nane si chache kama zinavyosikika. PDP-8 ya mwaka 1965 ilikuwa na amri nane za msingi, na watu waliitumia kwa kazi za kweli.

Makosa mawili yanafaa kuelezwa. La kwanza ni alama ya `=` ndani ya sehemu inayofuata saa. Nilitaka kubadilishana thamani za rejista mbili (vihifadhi vidogo vya thamani ndani ya prosesa):

```
always @(posedge saa) begin
  a = b;
  b = a;
end
```

Kwa `=` mstari wa pili unaona `a` mpya, kwa hiyo zote mbili zinabaki na thamani ya `b`. Kwa `<=` mistari yote inasoma thamani za kabla ya pigo, kisha zote zinaandikwa kwa pamoja, na hivyo ndivyo flipuflopu zinavyofanya kazi. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja na siivunji: ndani ya sehemu yenye saa ni `<=` peke yake.

La pili ni lachi. Katika sehemu isiyo na saa niliandika kwamba amri ikiwa ya kujumlisha, tokeo liwe jumla, na ikiwa ya kutoa, liwe tofauti. Sikusema liwe nini kwa amri nyingine. Ukinyamaza hivyo, Yosys inaelewa unataka thamani ya zamani ibaki, na inajenga kitu cha kuikumbuka, ndicho lachi. Onyo lilikuwepo kwenye skrini tangu siku ya kwanza, katikati ya mamia ya mistari ambayo sikuisoma. Sasa naanza kila sehemu ya namna hiyo kwa kuipa tokeo thamani ya msingi, na nachuja maonyo yaje peke yake mwishoni.

Mashine ilihesabu kurudi nyuma kutoka 200 mpaka sifuri na kuwasha taa. Saa 14, seli 190. Nisingependa mtu airuke hatua hii. Hapa ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba prosesa ni kaunta, kumbukumbu, kijumlishi na maltipleksa nyingi za kuamua nani anazungumza na nani.

9 Februari: RISC-V, na rejista zisizoenea

Mashine yangu ya amri nane haina asembla wala kompaila, yaani programu za kugeuza maandishi kuwa amri za mashine, na sina hamu ya kuandika programu kwa namba za heksadesimali maisha yangu yote. Nahamia RV32I, yaani amri za msingi za RISC-V, muundo wa amri za prosesa ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010. Amri ni 40, rejista ni 32 za biti 32 kila moja, na rejista x0 daima ni sifuri. Mwongozo wake ni wa bure, na GCC, kompaila ya C, inaifahamu.

Nilianza na rejista, nikaziandika kwa namna iliyoonekana ya kawaida kabisa: toa namba ya rejista, upate thamani papo hapo. Yosys ikarudi na zaidi ya seli 2,000 kwa rejista peke yake. Rejista 32 za biti 32 ni flipuflopu 1,024. Juu ya hizo kuna maltipleksa mbili za kuchagua moja kati ya 32, mara biti 32 kila moja. Chipu nzima ina seli 1,280.

Vipande vya kumbukumbu vya ndani ndivyo vilivyotakiwa, lakini vina sharti lake: unatoa anwani, na thamani inakuja baada ya pigo la saa. Nilikuwa nimeomba jibu papo hapo, na kwa kuwa vipande hivyo haviwezi kulitoa, Yosys ilijenga kila kitu kwa seli. Nilihamisha usomaji ndani ya sehemu yenye saa, na kila amri ikapata hatua nne: vuta amri, soma rejista, tekeleza, andika. Kipande kimoja kina upana wa biti 16 na mlango mmoja wa kusomea. Kwa hiyo biti 32 zinataka vipande viwili, na kusoma rejista mbili kwa pamoja kunataka nakala mbili, jumla vipande vinne. Seli za rejista zikashuka mpaka karibu na sifuri. Vinabaki vipande 12, yaani baiti 6,144 za programu na data.

Bei ya mpango huu ni kasi. Kwa 12 MHz na mapigo manne kwa amri, prosesa itatekeleza amri milioni 3 kwa sekunde. Kwangu zinatosha sana.

Saa 7.

16 Februari: jumla iliyokosa 6 na 2

Hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe kwa makini.

Kufikia katikati ya wiki nilikuwa na kujumlisha, kutoa, na ruko zenye sharti. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuhesabu kutoka 5 kurudi sifuri. Likamaliza na sifuri. Nikaandika kwamba ruko zinafanya kazi, nikaendelea na mengine. Siku mbili baadaye nikajaribu kujumlisha namba 1 mpaka 10:

```
 0: addi x2, x0, 0
 4: addi x1, x0, 10
 8: add  x2, x2, x1
12: addi x1, x1, -1
16: bne  x1, x0, -8
```

x1 inahesabu kurudi nyuma, x2 inakusanya jumla, na `bne` inarudi baiti 8 nyuma mpaka x1 iwe sifuri. Jibu sahihi ni 55. Prosesa yangu ilitoa 47.

Nilishuku kijumlishi, nikakipima peke yake kwa namba elfu za bahati nasibu, nacho kilikuwa sahihi. Nilishuku rejista, nikaona ziko sawa. Mwishowe nilichapisha x1 na x2 kwa kila mzunguko na kuzifuata kwa kalamu: 10, 9, 8, 7, halafu 5, 4, 3, halafu 1. Namba 6 na 2 hazikujumlishwa. Zilihesabiwa, lakini amri ya `add` ilirukwa, kila baada ya mizunguko minne mmoja ukikosa. Kosa linalorudi kila mara ya nne lina uhusiano na namba nne, na kwenye mashine hii namba nne ni urefu wa amri kwa baiti. Hapo nikachapisha kaunta ya programu, yaani anwani ya amri inayotekelezwa.

Baada ya ruko la kwanza ilisema 9. Ilipaswa kusema 8.

Amri `bne x1, x0, -8` kwa heksadesimali ni FE009CE3. Umbali wa kuruka umegawanywa vipande viwili ndani ya amri, na mimi nilivisoma kama vinavyosomwa kwenye amri za kuhifadhi: biti saba za juu, kisha biti tano za chini, 11001. Kwenye ruko, biti ya mwisho kati ya hizo tano haimo mahali pake pa kawaida. Umbali wa ruko ni namba shufwa daima, kwa hiyo biti ya sifuri haihitaji kuandikwa, na nafasi yake imepewa biti ya 11. Kwa ruko fupi la kwenda mbele, biti ya 11 ni sifuri na jibu linatoka sahihi. Kwa ruko fupi la kurudi nyuma ni 1, na umbali unazidi kwa moja: -8 inakuwa -7.

Mbona basi haikuanguka palepale? Kwa sababu kumbukumbu yangu ilipuuza biti mbili za chini za anwani. Anwani 9, 10 na 11 zote zilileta amri iliyo kwenye 8. Kaunta ilisogea taratibu, 9, kisha 10, kisha 11, na mzunguko uliofuata ukatua kwenye 12, baada ya `add`. Kisha ikaanza upya. Na lile jaribio la kuhesabu kutoka 5? Nalo lilikuwa na kosa hilihili. Kitanzi kilikuwa na amri moja tu kabla ya ruko, kwa hiyo kaunta ilipopotea ilitua juu ya ruko lenyewe, likatekelezwa mara moja ya ziada, na jibu la mwisho likatoka sifuri kama lilivyotakiwa. Jaribio lilipita na prosesa ilikuwa mbovu.

Kurekebisha kulikuwa mstari mmoja. Niliongeza na kinga: kaunta ya programu ikipata biti za chini zisizo 00, au amri isiyojulikana ikivutwa, prosesa inasimama na kuwasha taa nyekundu.

Watu wengi hulalamika kwamba RISC-V imezichanganya biti za umbali bila sababu. Baada ya kujenga kitafsiri amri naona sababu yake: biti ya alama (ya hasi au chanya) daima iko nafasi ya 31, na biti nyingi hukaa palepale katika miundo yote ya amri, kwa hiyo maltipleksa zinapungua. Katika chipu ya seli 1,280 huo ni msaada wa kweli.

Saa 9, na saba kati yake ni za 47.

1 Machi: kulinganisha kila amri

Baada ya yale, niliacha kuamini majibu ya mwisho. Niliandika mfano wa RV32I kwa Python, mistari 130 hivi, unaotekeleza programu ileile na kuchapisha mstari mmoja kwa kila amri: kaunta ya programu, rejista iliyoandikwa, na thamani yake. Upande wa Verilog nao unachapisha mistari ya muundo huohuo ndani ya simuleta. Kisha `diff` inalinganisha faili mbili, na mstari wa kwanza unaotofautiana ndio mahali pa kosa. Jaribio lile la kuhesabu kutoka 5 lingekamatwa kwenye amri ya nne.

Hapo hapo yakatoka makosa matatu. Moja lilikuwa la mfano wenyewe: namba za Python hazina kikomo cha biti 32, na nilisahau kuzikata kwa 0xFFFFFFFF baada ya kujumlisha. Kumbuka kwamba pande mbili zikitofautiana, yeyote kati yao anaweza kuwa amekosea. La pili lilikuwa x0: `jal x0` ilikuwa inaandika anwani ya kurudi ndani ya x0, na kuanzia hapo sifuri haikuwa sifuri tena. Uandishi kwenye rejista 0 sasa umefungwa.

La tatu lilinisumbua kwa siku mbili ingawa nilijua kabisa liko mstari gani:

```
assign tokeo = alama ? ($signed(a) >>> n) : (a >> n);
```

Kusogeza kulia kwa kutunza alama ya hasi kunatakiwa kugeuza 80000000 kuwa F8000000 ukisogeza biti nne. Nilipata 08000000. Mstari unasomeka sahihi, na `$signed` ipo. Tatizo ni kwamba Verilog huamua kwa usemi mzima kama namba zake zina alama au hazina, na upande mmoja tu ukiwa hauna, wote unahesabiwa kuwa hauna. Ile `a >> n` ya upande wa kulia wa nukta pacha (`:`) iliondoa alama kwenye upande mwingine. Ukiviweka vipande hivyo viwili kwenye waya tofauti, kila kimoja na jina lake, halafu ukachagua kati ya waya hizo, jibu linakuja sahihi.

Saa 12. Kama ningeanza mradi upya leo, mfano wa Python ungekuwa faili la kwanza kabisa, kabla ya mstari wowote wa prosesa.

8 Machi: seli 151 za ziada

Amri zote zimekamilika kwenye simuleta. Yosys na nextpnr zinasema seli 1,431. Chipu ina 1,280.

Nilipitia sehemu moja moja kuona nani anakula nini. Mlaji mkubwa alikuwa kisogeza biti. Ili kusogeza kwa kiasi chochote kuanzia 0 mpaka 31 ndani ya pigo moja, unahitaji ngazi tano za maltipleksa, kila ngazi biti 32, yaani seli 160 kwa upande mmoja tu. Kushoto na kulia ni mara mbili yake, na bado hujaweka mambo ya alama. Nilikitoa chote, pamoja na ule mstari nilioupigania siku mbili, nikaweka rejista inayosogeza biti moja kwa kila pigo na kaunta ya biti tano. Kusogeza biti 31 sasa kunachukua mapigo 31, na nimekubali.

La pili lilikuwa ulinganishaji. Nilikuwa na saketi tatu tofauti: ya kutoa, ya "ndogo kuliko" yenye alama, na ya "ndogo kuliko" isiyo na alama. Kutoa kumoja kwa biti 33 kunazijibu zote. Biti ya 32 ya tokeo ndiyo jibu la zisizo na alama. Kwa zenye alama, kama alama za namba mbili zinatofautiana unachukua alama ya ile ya kwanza, zikifanana unatumia biti ileile ya 32. Usawa ni tokeo kuwa sifuri tupu.

Tena, kaunta ya programu nimeipunguza kutoka biti 32 hadi 13, kwa kuwa kumbukumbu yenyewe haifiki hata baiti 8,192.

Matokeo ni seli 1,118, na nextpnr inakadiria prosesa inaweza kwenda zaidi ya 40 MHz, wakati mimi nahitaji 12. Saa 8. Ulinganishaji wa kila amri ulinipa ujasiri wa kukata bila woga: nilibadilisha theluthi ya prosesa na `diff` ikabaki tupu.

15 Machi: kwenye chipu, taa nyekundu

Kwenye simuleta kila kitu ni safi. Nikapakia kwenye ubao, na taa nyekundu ya "amri isiyojulikana" ikawaka mara ileile.

Nilikagua faili la pini, nikapakia upya, nikasanisi upya kwa mipangilio mingine. Hakuna kilichobadilika. Kisha nikatoa waya kwenye pini moja niitumie kama kitufe cha kuanzisha upya, nikaigusisha na sifuri ya umeme na kuiachia, na programu ikaenda vizuri kabisa. Nikazima ubao na kuwasha, nyekundu. Nikagusisha waya, ikaenda. Kwa hiyo amri zilikuwa sahihi, kumbukumbu ilikuwa na programu, na kosa lilikuwa kwenye mapigo ya mwanzo peke yake.

Maelezo ni haya: baada ya chipu kupakiwa, kumbukumbu za ndani za iCE40 huchukua mikrosekunde chache kabla hazijasomeka, na katika muda huo zinarudisha sifuri. Prosesa yangu ilianza kuvuta amri kwenye pigo la kwanza kabisa. Ikapata 00000000, ambayo katika RISC-V ni amri isiyo halali kwa makusudi, ikasimama kama nilivyoiamuru. Simuleta haina kipindi hicho, ndani yake kumbukumbu iko tayari tangu sekunde sifuri. Kosa lilikuwa langu kwa kutoiwekea prosesa muda wa kusubiri.

Niliweka kaunta ya biti 8 inayoanza na sifuri na kuishikilia prosesa mpaka ifike 255, ambayo ni kama mikrosekunde 21. Taa ya kijani ikawaka.

Na ule waya wa kuanzisha upya, kwa kuwa haufuati saa ya prosesa, unapita kwanza kwenye flipuflopu mbili zilizofuatana. Ukiunganisha kitu cha nje moja kwa moja na mantiki, siku moja kitabadilika wakati wa pigo lenyewe, na sehemu moja ya prosesa itaona 0 wakati nyingine inaona 1.

Saa 9.

29 Machi: herufi za kwanza

Mlango wa siriali, unaopeleka biti moja baada ya nyingine, kutuma tu, biti 115,200 kwa sekunde. 12,000,000 ukigawa kwa 115,200 unapata 104.17. Kwa kaunta ya mapigo 104 kosa ni asilimia 0.16, halina madhara. Prosesa inaandika herufi kwenye anwani maalumu iliyo nje ya kumbukumbu, na saketi inaituma.

Nilituma neno HABARI. Kwenye skrini zilikuja alama zisizosomeka, isipokuwa nafasi ya tatu palikuwa na B, na nafasi ya tano palikuwa na J. B iliyofika salama ndiyo iliyonionyesha kosa. Kwa biti, B ni 01000010, inasomeka sawa kutoka pande zote mbili. R ni 01010010, na ukiigeuza unapata 01001010, ambayo ni J. Nilikuwa natuma biti ya juu kwanza, na siriali inataka ya chini kwanza. Ni kusogeza kulia badala ya kushoto, basi.

Saa 4, seli 1,183 kwa jumla.

12 Aprili: programu ya C

GCC kwa `-march=rv32i -mabi=ilp32`, faili fupi la asembli la kuanzia, na faili la kuielekeza linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo, iweke vitu wapi. Kubadilisha programu hakuhitaji kusanisi upya: `icebram` inabadilisha yaliyomo kwenye kumbukumbu ndani ya faili lililokwisha tengenezwa, na inachukua muda mfupi sana.

Kulikuwa na makosa matatu. Kwanza, linka iliweka kazi nyingine ya C kwenye anwani 0 badala ya msimbo wangu wa kuanzia. Prosesa haijui `main` ni nini, inaanza na kilicho kwenye 0. Kazi ile ikatekelezwa wakati kielekezi cha rundo (kumbukumbu ya muda ya kazi), x2, hakijapewa thamani, ikatuma herufi moja na kunyamaza. Nimeupa msimbo wa kuanzia sehemu yake yenye jina, na kwenye faili la linka unatajwa wa kwanza kabla ya vyote. Kazi yake ya kwanza ni kuweka x2 kwenye 6,144, mwisho wa kumbukumbu.

Pili, linka ililalamika kwamba haijui `__mulsi3`. RV32I haina amri ya kuzidisha, kwa hiyo kompaila inaita kazi ya kuzidisha kwa kujumlisha na kusogeza, nayo iko kwenye libgcc, maktaba ya GCC. Niliiunganisha.

Tatu, kuandika baiti moja kulikuwa kunafuta baiti tatu za jirani. Hili mfano wa Python haukulikamata, kwa kuwa nilikuwa nachapisha rejista tu, siyo yanayoandikwa kwenye kumbukumbu. Nimeongeza safu mbili kwenye mistari ya ulinganisho, anwani na thamani iliyohifadhiwa. Kumbukumbu yenyewe nimeigawa njia nne za biti 8, vipande vitatu kila njia, na kila njia ina ruhusa yake ya kuandika.

Jana usiku prosesa ilitafuta namba tasa chini ya 1,000, ikazituma moja moja kwenye skrini na mwisho ikaandika idadi: 168. Ndivyo zilivyo. Nilikaa nikiziangalia zikipita, 983, 991, 997, nikijua kila waya zinamopita.

Saa 11, zimefika 80 tangu Januari. Zimebaki seli 97.

Kinachofuata ni kipima muda na ukatizaji (kuisimamisha prosesa kwa muda ishughulikie jambo jingine), navyo vinataka rejista za hali ambazo seli 97 hazitoshi kuzibeba. Nahamia iCE40 UP5K yenye seli 5,280. Ina vilevile kumbukumbu kubwa ya baiti 131,072, lakini hiyo haiwezi kujazwa wakati chipu inapakiwa: ubao ukiwaka, inaanza bila programu ndani yake. Kwa hiyo kabla ya ukatizaji itabidi niandike kipakiaji kidogo kinachokaa kwenye vipande vya kawaida, kinasoma programu kutoka kwenye flashi ya ubao na kuinakili. Mfano wa Python nimeshaanza kuubadilisha.